Stenosisi ya vali ya aota
Stenosisi ya vali ya aota ni ugonjwa wa moyo ambapo vali iliyo kati ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo na aota (ateri kuu ya mwili) haifunguki vizuri. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, na msuli wake hunenepa.

Kwa wazee husababishwa hasa na vali kukakamaa kwa kalisi. Wengine huzaliwa na vali yenye vipande 2 badala ya 3. Afrika Mashariki homa ya rumatiki ya utotoni huchangia pia.

Utambuzi
Dalili kuu ni maumivu ya kifua, kuzimia na kuishiwa pumzi wakati wa kazi. Daktari husikia mvumo unaopanda hadi shingoni. Mvumo mdogo hauthibitishi ugonjwa mdogo: moyo ukichoka, sauti hufifia.

Ukali
Kipimo cha eko hupima kasi ya damu na upana wa tundu la vali:
- Hafifu: mita 2.0–2.9 kwa sekunde. Zaidi ya sm² 1.5
- Wastani: mita 3.0–3.9, sm² 1.0–1.5
- Kali: mita 4 au zaidi, chini ya sm² 1.0

Moyo dhaifu unaweza kuonyesha kasi ndogo ingawa tundu ni finyu. Hapo vipimo zaidi huhitajika.

Tiba
Stenosisi kali yenye dalili hutibiwa kwa kubadilisha vali. Nchini Tanzania upasuaji wa moyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.