Xiang: Ndovu na Taswira katika Maandishi ya Wachina

Katika maandishi ya Wachina imo herufi isomwayo xiang, nayo huandikwa 象, ambayo kila mwanafunzi huambiwa mwanzoni kuwa maana yake ni ndovu, kisha haupiti muda ila huikuta tena katika vitabu vya hekima ikiwa imebeba maana ya taswira, ya dalili, na ya kila jambo lidhihirikalo machoni au akilini. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kujua jinsi maana hizi zilivyoungana kabla hajachagua neno lake, kwani asipojua atachagua neno lenye kukata uzi ambao wanafalsafa wa kale waliushona kwa makusudi.

Herufi hii yapatikana katika mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe yaliyochongwa maandishi ya kubashiria huko Anyang, katika jimbo la Henan, zama za wafalme wa Shang, zaidi ya miaka 3000 iliyopita, maandishi ambayo wanazuoni walianza kuyatambua mwaka 1899. Humo ndovu kachorwa waziwazi, lakini amesimamishwa wima, mkonga juu, mkia chini, na miguu imetokea ubavuni, kwa kuwa Wachina waliandika kutoka juu kwenda chini katika safu nyembamba zisizomtosha mnyama mwenye kiwiliwili kirefu. Wala wachoraji hao hawakuchora uvumi, maana mifupa ya ndovu imefukuliwa huko huko Anyang, nchi ile ikiwa wakati huo na joto zaidi na misitu mingi zaidi kuliko leo. Baadaye baridi ilizidi, misitu ikafyekwa kwa ajili ya mashamba, na ndovu wakarudi nyuma karne baada ya karne, hata leo waliosalia wamo Yunnan, upande wa kusini kabisa.

Kuadimika huko ndiko alikokutaja Han Fei, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 233 kabla ya Masihi, alipokuwa akifafanua maneno ya Laozi, mwenye hekima anayenasibishiwa kitabu cha Daodejing. Yeye aeleza kwamba ni nadra watu kumwona ndovu aliye hai, ila huipata mifupa ya aliyekufa, wakaitazama ilivyopangika, na kwayo wakamwaza mnyama mzima alivyokuwa. Kwa hiyo kila ambacho watu hukifikia kwa fikira bila kukiona kikaitwa xiang. Wako wanaisimu wa leo waonao kwamba jina la ndovu liliazimwa kwa ajili ya sauti yake tu, walakini hata ikiwa ndivyo, maelezo ya Han Fei yabaki kuwa ushahidi wa namna Wachina wenyewe walivyolifahamu neno lao. Xu Shen, ambaye kamusi yake iitwayo Shuowen Jiezi ilikamilika mwaka 100, alimtaja ndovu kuwa mnyama wa Nanyue, nchi ya mbali kusini. Na katika karne ya 10 al-Masudi, msafiri na mwanahistoria Mwarabu, aliandika kwamba pembe za ndovu wa nchi ya Zanj, ndio mwambao wetu huu, zilipelekwa Oman, na kutoka huko Bara Hindi na Uchina, ambako mnunuzi aliweza kuishika pembe mkononi na mwenye pembe asimjue ila kwa kumwaza.

Matumizi makuu ya istilahi hii yamo katika Yijing, Kitabu cha Mabadiliko, chenye alama 64, kila moja ikiwa na mistari 6, mizima au iliyokatika. Miongoni mwa sharhi za kale zilizoambatanishwa nacho imo Sharhi ya Xiang, ambayo huitazama kila alama kwa vitu vya ulimwengu vinavyoiunda. Alama ya nne, Meng, ina mlima juu na maji chini. Mwenye sharhi aona humo chemchemi ichomozayo chini ya mlima, naye akatoa fundisho juu ya malezi ya aliye mchanga wa akili, kwamba muungwana awe thabiti katika vitendo na autunze wema wake. Hapa mlima na maji si mapambo ya usemi, bali ndiyo mifupa ambayo kwayo maana nzima hufikiwa.

Wang Bi, mfafanuzi wa Yijing aliyeishi baina ya mwaka 226 na 249, alizipanga daraja za maneno, xiang na maana kwa ubainifu: maneno hutumika kuipata xiang, na xiang hutumika kuipata maana, naye akiufuata mfano wa mwanafalsafa Zhuangzi wa dema, ambalo mvuvi huliacha akiisha kumpata samaki, akahukumu kuwa aing'ang'aniaye xiang hajaipata maana.

Basi tuifasirije? Neno umbo halifai, kwa kuwa sura ya 41 ya Daodejing yaieleza xiang iliyo kuu kuwa haina xing, na xing ndiyo umbo. Mwenye kutumia neno moja kwa yote mawili atamfanya Laozi ajipinge mwenyewe. Ishara nayo haitoshi, maana ishara yaweza kuwekwa kwa mapatano tu, pasipo kufanana na kinachoashiriwa, ilhali xiang haikosi kuchukua mfanano. Neno sura nalo halifai, kwani sura hukaa juu ya kitu chenyewe, hali xiang huundwa na mtazamaji kutokana na athari alizozipata. Lililosalia ni taswira, neno tulilolitwaa katika Kiarabu, ambalo ndani yake mna kuchora na mna kuwaza pia, na kwa hiyo lakubali mchongaji wa Anyang na Han Fei kwa pamoja. Nashauri mfasiri alishike neno hilo katika kitabu kizima, hata pale ambapo dalili au mfano ungetamkika kwa wepesi zaidi, na ndovu amwache pale tu ambapo mnyama mwenyewe ndiye anayetajwa. Kwani waandishi wale walijenga hoja zao juu ya neno moja, na msomaji wetu anayo haki ya kuliona neno hilo kila lirudipo.