Fahamu Wajibu wa Kampuni za Madini kwa Jamii

Kwa miaka mingi, mchango wa mgodi kwa wananchi wanaouzunguka ulihesabiwa kuwa hisani. Mwekezaji alitoa alichotaka, na mwaka wa faida ndogo aliweza asitoe chochote. Marekebisho ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, yaliyofanyika mwaka 2017 yaliigeuza hisani hiyo kuwa wajibu wa kisheria.

Kwa mujibu wa Sheria hiyo, mmiliki wa leseni ya madini anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, unaokubaliwa kwa pamoja na halmashauri husika kwa kushauriana na Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa pamoja na Waziri wa Fedha. Mpango huzingatia masuala ya mazingira, jamii, uchumi na utamaduni kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri. Nayo halmashauri huidhinisha mpango, huandaa mwongozo, husimamia utekelezaji na kuelimisha wananchi.

Wajibu huu hauchukui nafasi ya mrabaha wala kodi. Faida ni haki ya mwekezaji, lakini madini yakishachimbwa hayaoti tena. Mgodi ukifungwa, kinachobaki kijijini ni shule, zahanati na visima vilivyojengwa wakati wa uzalishaji.

Hivyo, mwananchi asisubiri siku ya uzinduzi wa mradi. Ashiriki mkutano mkuu wa kijiji, ambako mahitaji huibuliwa kabla ya kufikishwa halmashauri.