Ulikipata kwa Nani?

Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36, na katika miaka minne ya mwanzo nilikuwa pia mtunza kibao. Wasomaji waliopita sekondari zama hizo watakikumbuka, vijana nitawaeleza.

Kilikuwa kipande cha mninga, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani. Juu yake yaliandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba aliyekivaa ni mjinga. Asubuhi, mwanafunzi wa kwanza kusikika akisema Kiswahili alivishwa shingoni, na njia yake ya kujivua ilikuwa moja tu: amvizie mwenzake ateleze ulimi, amvishe yeye. Jioni, wanafunzi wakiwa mstarini, mwalimu wa zamu alimwita aliyebaki nacho na kumwuliza, "Ulikipata kwa nani?" Akamtaja fulani. Fulani naye akaulizwa vivyo hivyo, mpaka mnyororo ukafika kwa yule wa asubuhi, na wote wakala fimbo. Swali hilo nimeliuliza mara nyingi, kwa Kiingereza safi, nikiamini kwamba ninajenga taifa.

Sikuwa peke yangu katika imani hiyo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu, wakakuta wanafunzi wengi hawaielewi lugha wanayofundishiwa; hata hivyo ushauri wao ulikuwa Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha, walimu wakapelekwa masomoni. Hivyo ndivyo mtoto wa Pangani, mwenye stashahada yake ya ualimu na koti la kuazima, alivyojikuta Edinburgh mwezi Oktoba 1988, akiwa mwanafunzi tena.

Niliuchagua mji ule kwa sababu ya Mwalimu Nyerere. Alisoma katika chuo kikuu chao kuanzia mwaka 1949, akapata shahada yake mwaka 1952, na baadaye akatupa tafsiri ya Julius Caesar, mwaka 1963. Nilidhani nitakwenda kunywa katika kisima alichokunywa yeye. Siku ya kwanza mama aliyegawa chakula katika bwalo letu aliniambia jambo mara tatu nisimwelewe. Mara ya nne alicheka, akaninyooshea kidole bakuli la viazi. Mimi, niliyeadhibu watoto kwa ajili ya Kiingereza, sikujua kuomba kiazi! Mama yule alikuwa akisema Kiskoti, ambacho ni nduguye Kiingereza na chenye washairi wake tangu karne nyingi. Kozi yetu haikukitaja hata mara moja.

Lakini aliyenifungua macho ni mlinzi wa usiku wa bweni letu. Usiku mmoja nilimkuta akizungumza kwa simu kwa lugha ambayo sikuweza kuitambua. Nikadhani labda ni Kinorwe. Alipoweka mkono wa simu alisema ni Kigaeli, lugha ya kwao, kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Tangu usiku ule nikawa nashuka na chai yangu kukaa naye. Alinifundisha kwamba Kigaeli hakina neno la "ndiyo" wala la "hapana": ukimwuliza mtu kama amekula, hujibu kwa kurudia kitenzi, amekula au hajala. Nikamwambia hata bibi yangu Pangani hujibu hivyo. Kigaeli pia hakina kitenzi cha kumiliki. Mgaeli husema kitabu kipo kwake, kama sisi tusemavyo mtu yu na kitabu. Nilikumbuka jinsi nilivyozoea kuzungushia wino mwekundu sentensi za wanafunzi wangu waliotafsiri "nina kitabu" neno kwa neno, bila kuona kwamba mtoto yule alikuwa akifikiri vizuri kabisa, ila kwa lugha yake.

Aliniazima kitabu cha mashairi ya Somhairle MacGill-Eain, ambaye Waingereza humwita Sorley MacLean. Kilitolewa mwaka 1977, na kina Kigaeli sambamba na Kiingereza. Jina lake, Reothairt is Contraigh, maana yake ni bamvua na maji mafu. Wenzangu wa kozi waliotoka bara walihitaji kuelezwa maneno hayo. Mimi niliyakuta mdomoni mwa baba yangu, aliyekuwa mvuvi. Mshairi huyo alikuwa mwalimu wa sekondari kama sisi. Aliongoza shule ya Plockton kuanzia mwaka 1956 hadi 1972, na alipigania kwa miaka mtihani wa Kigaeli uwafae hata wanafunzi wasiokuwa na lugha hiyo nyumbani. (Nawaomba washairi wenzangu mnaolalamika kwamba kusahihisha madaftari kunaua ushairi mlizingatie hilo.)

Likizo ya Pasaka ya mwaka 1989 mlinzi alinichukua kwao. Tulipanda treni hadi Inverness, basi hadi Ullapool, kisha meli iliyoyumba hata nikamkumbuka kila mtu niliyemkosea. Lewis ni kisiwa cha upepo, miti yake ya kuhesabu. Badala ya kuni huchoma udongo mweusi wa kinamasi, ambao huukata mfano wa matofali na kuuanika ukauke, na moshi wake hukaa katika nguo kwa majuma. Jumapili hakuna chombo kilichosafiri, na hata bembea za watoto zilikuwa zimefungwa kwa minyororo. Kanisani hapakuwa na kinanda. Kiongozi alitoa mstari wa zaburi, na watu wakaupokea kila mmoja kwa mapambo ya sauti yake, wengine wakitangulia na wengine wakichelewa, mpaka sauti zikawa kama wimbi linalorudi ufukweni. Nimesikia waimbaji wengi wa mashairi yetu, lakini sijasikia tena kitu cha namna ile.

Baba yake mlinzi alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Jioni majirani walikuja bila kubisha hodi, wakakaa kuuzunguka moto, mmoja akasimulia na mwingine akaimba. Walikuwapo hata waliojua tungo za mshairi wa kijiji aliyekwisha kufa, zilizomcheka fulani aliyenunua ng'ombe mkongwe akidhani ni mtamba. Ilikuwa baraza hasa, ila ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi. Mzee akaniuliza kazi yangu. Nikasema ni mwalimu wa lugha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alipoanza shule hakujua neno la Kiingereza, na mwalimu alikuwa na kijiti chenye kamba, maide-crochaidh, kijiti cha kuning'iniza. Aliyesema Kigaeli alivishwa, akampitishia mwenziwe, na mwisho wa siku wote waliokivaa walipigwa.

"Mwalimu alituuliza mmoja mmoja," alisema, "ulikipata kwa nani? Mimi nilimtaja dada yangu."

Niliporudi Edinburgh niliyatafuta maktabani yaliyotangulia kijiti kile. Mwaka 1609 wakuu wa visiwa vile walitiishwa na mfalme kwa mkataba wa Iona, ambao kifungu chake kimoja kilimtaka kila mwenye mali ya kufikia ng'ombe 60 ampeleke mwanawe mkubwa nyanda za chini akajifunze kusema, kusoma na kuandika Kiingereza. Mwaka 1616 baraza la mfalme lilitamka wazi kwamba Kigaeli kiondolewe. Mwaka 1709 iliundwa jumuiya ya kueneza elimu ya Kikristo, ikajenga shule za Kiingereza vijijini. Ni mwaka 1767 tu ndipo jumuiya hiyo hiyo ilipochapisha Agano Jipya kwa Kigaeli, baada ya kuona watoto wanakariri wasichokielewa. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1872, iliyomlazimisha kila mtoto kwenda shule na isiyokitaja Kigaeli hata kwa neno moja. Wakati wa sensa ya 1891 waliosema Kigaeli nchini mle walizidi 250,000. Katika ile ya 1981 walikuwa kama 80,000.

Wapo watakaosema Kiswahili hakifanani na Kigaeli, kwa kuwa chetu ni lugha ya mamilioni. Ni kweli, na mimi nimejifariji kwa hoja hiyo. Lakini mtoto aliyesimama mstarini na kibao shingoni hakuwa na mamilioni nyuma yake. Alikuwa na mimi mbele yake.

Kuna jambo sijaliandika popote hadi leo. Usiku ule, baada ya kusimulia habari ya dada yake, mzee aliniuliza, "Na kwenu je, watoto wanaachwa waseme lugha yao shuleni?" Nikamjibu kwamba kwetu Kiswahili ni lugha ya taifa, bungeni kinatumika, na shule za msingi zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Mzee alifurahi mno, akawatafsiria majirani, nao wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine.

Nilirejea nyumbani Julai 1989. Juma la kwanza la zamu yangu nilikitia kibao mfukoni na mstarini sikuuliza swali. Siku chache baadaye kikachongwa kingine, kizuri zaidi, chenye herufi za kuchoma kwa moto. Katika ofisi ya walimu, saa ya chai, nilimwuliza mkuu wa shule kwa namna ya utani: "Mzee, hiki nacho ulikipata kwa nani?" Akacheka sana. Akasema alivishwa yeye mwenyewe katika shule ya kati, miaka ya 1950, na mwalimu wake mmisionari. Akamtaja kwa jina, na nchi aliyotoka. Hakuwa Mwingereza wa London. Alikuwa mtu wa Uskoti. Mkuu aliniongeza sukari, tukazungumzia ratiba ya mitihani.

Sikuandika barua kwa wizara wala kusimama kikaoni. Nilianzisha chama cha mashairi kilichokutana Alhamisi nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo viranja wa lugha hawakupenda kufika kwa sababu ya moshi, na katika zamu zangu kibao hakikuwa na kazi. Zamu za wenzangu ziliendelea kama kawaida.

Mwaka 1993 ilinifikia barua ya mlinzi. Babake amefariki, aliandika, na alikuwa akinitaja mara kwa mara kwa wageni: yule mwalimu kutoka nchi ambako watoto hawapigwi kwa lugha yao. Mjukuu wa mzee alikuwa akisoma Inverness, katika moja ya madarasa mawili ya kwanza ya msingi ya kufundisha kwa Kigaeli, yaliyofunguliwa mwaka 1985, moja pale na jingine Glasgow. Binti huyo alitaka nimwandikie orodha ya maneno ya Kiswahili yanayohusu bahari, awasomee wenziwe darasani.

Orodha niliiandika usiku ule ule: bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, mkondo, ngalawa, tanga, dau. Barua ya kwenda nayo, ya kumweleza mlinzi habari ya kibao, niliianza mara tatu. Mwishowe nilituma orodha peke yake.