Kidogo na Kadogo: Kiambishi cha Udogo katika Kiswahili cha Ufipa

Mjini Sumbawanga, na katika vijiji vya nyanda za juu za Ufipa, si ajabu kumsikia mzungumzaji wa Kiswahili akisema: "Kale kanyumba kadogo kameanguka." Nyumba zikiwa nyingi, atasema: "Tule tunyumba tudogo tumeanguka." Mwanafunzi akiiandika sentensi hiyo katika mtihani hukatwa alama, na kutakiwa aandike: "Kile kijumba kidogo kimeanguka." Kwa kigezo cha Kiswahili Sanifu, mwalimu ana haki. Tatizo huanza pale anapoongeza kwamba ka- ni uharibifu wa lugha. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kuwa, kihistoria, ka- ndicho kiambishi kikongwe cha udogo, na ki- kiliishika nafasi hiyo baadaye.

Tuanze na sentensi yenyewe. Nomino, kionyeshi, kivumishi na kitenzi vyote vimepatana: ka- katika umoja, tu- katika wingi. Anayeteleza ulimi hatelezi kwa utaratibu kamili namna hii. Huu ni mfumo wa ngeli, nao umetoka katika Kifipa, lugha ambayo Malcolm Guthrie aliiweka katika kundi la M13. Wafipa walipojifunza Kiswahili hawakuiacha nyuma ngeli waliyokuwa nayo. (Ka- hii isichanganywe na ile ya masimulizi, kama katika "akaenda, akarudi".)

Je, Kifipa kiliipata wapi? Wanaisimu waliofuata njia ya W. H. I. Bleek na Carl Meinhof huzihesabu ngeli hizi kuwa ya 12 na ya 13, na huzirejesha hadi lugha mame ya Kibantu. Ushahidi wake umetapakaa. Mtoto mdogo huitwa kaana katika Kikuyu, na wingi wake ni twana. Kinyarwanda husema akana na utwana. Kibemba, upande wa kusini wa Ufipa, nacho hutumia aka- na utu-. Lugha zilizo mbali kiasi hiki haziwezi kuwa zimeazimana zote. Zimerithi kwa mzazi mmoja.

Kiswahili nacho ni mtoto wa mzazi huyo. Jamaa zake wa karibu wa pwani, Wamijikenda, wanayo ka- hadi leo: Mgiryama humwita mtoto mdogo kahoho. Kiswahili cha pwani kiliiacha ngeli hiyo na kuikabidhi ki- kazi yake. Mji ukawa na kijiji, mto ukawa na kijito, mbwa akawa na kijibwa. Kinyume chake, katika Kikuyu na Kinyarwanda kiambishi kinacholingana na ki- huweza kuonyesha ukubwa au dharau.

Mzigo wa ki- katika Kiswahili umekuwa mzito. Hutaja vitu, kama kiti. Hutaja lugha, kama Kifipa, ambacho si Ufipa mdogo. Hutaja namna, kama katika "anacheka kitoto". Kisha hutaja udogo na dharau. "Kitoto" peke yake yaweza kuwa mtoto mdogo au tabia ya utoto. "Katoto" haina utata huo.

Mwaka 1928, huko Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kwa kuwa Kiunguja hakikuwa na ngeli hiyo, ka- ilibaki nje ya sarufi ya shule. Hata hivyo haikufa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kiswahili cha Katanga husema katoto na tutoto. Katika vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1997, askari watoto waliitwa kadogo, jina ambalo dunia nzima ililisikia. Nchini Kenya, ununuzi wa bidhaa kwa vipimo vidogo vidogo huitwa uchumi wa kadogo.

Sidai kwamba mtihani ukubali kanyumba. Lugha sanifu ni mkataba, na mtoto wa Ufipa anauhitaji kama mtoto wa Unguja. Ninachodai ni maelezo ya kweli. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba amekosea kwa sababu anasema "kishamba" hujifunza kuionea haya lugha ya bibi yake, na lugha inayoonewa haya hairithishwi. Anayeambiwa kwamba Kifipa kimehifadhi ngeli ambayo pwani iliipoteza, na kwamba katika insha atumie ki-, hujifunza sarufi mbili kwa wakati mmoja. Tofauti kati ya kidogo na kadogo ni ya irabu moja tu, lakini mwalimu akiifafanua vema, humwonyesha mtoto huyo undugu wa lugha zake mbili.