Resident Evil: Michezo Mitatu ya Kwanza, 1996–1999

Mchezo wa kwanza, ulioongozwa na Shinji Mikami wa kampuni ya Capcom, Japani, ulitoka mwaka 1996 kwa mashine ya PlayStation. Hofu yake ni ya uhaba: risasi chache, nafasi finyu ya kubebea vitu, na utepe wa wino wa taipureta unaotumika kila unapohifadhi ulipofika. Milango inayofunguka polepole gizani ilificha muda wa mashine kusoma diski, ubunifu wa kupendeza mno. Wa pili (1998), wa Hideki Kamiya, ulihama kutoka jumba la msituni la mchezo wa kwanza hadi kituo cha polisi, na huchezwa kwa wahusika wawili, Leon na Claire. Huo ndio bora zaidi kati ya yote mitatu. Katika wa tatu (1999), zimwi liitwalo Nemesis humwandama mhusika mkuu, Jill, hata akishapita mlango.