Rekodi ilianzia mahakamani

Mtangazaji wa redio akisema mkimbiaji fulani amevunja rekodi, hakuna msikilizaji anayeuliza maana yake. Tumelizoea neno hili kiasi kwamba tunaliona letu, na kweli sasa ni letu. Tulilipata kwa Waingereza, ila nao walikaa nalo karne nyingi kabla ya kulipeleka uwanjani. Huko nyuma halikuhusu mbio wala ushindi. Lilikuwa neno la mahakama.

Shina lake ni Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi recordari, yaani kukumbuka, na ndani yake mna neno cor, moyo. Kwao, kukumbuka ni kulirudisha jambo moyoni. Wafaransa wa zamani wakalitumia kwa kukariri, kusimulia na kutoa ushahidi. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kikashika mahakama, nalo neno likapita mlango huohuo. Mashauri ya mahakama kubwa yakawa yanaandikwa kwenye ngozi na kukunjwa mabunda. Kilichoandikwa humo ndicho kilichokuwa rekodi, na hakikubishiwa kirahisi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Waingereza walianza kuipanga riadha kwa vyama, sheria na saa. Chama chao cha riadha cha ridhaa kiliundwa Oxford mwaka 1880. Ni katika miaka hiyo watu walipoanza kuuita muda bora kuliko yote ulioandikwa kwa jina hilo la mahakamani. Shirikisho la kimataifa lilizaliwa 1912, na rekodi yake ya kwanza ya mita 100 ni ya Mmarekani Donald Lippincott, sekunde 10.6, aliyoiweka Stockholm mwaka huohuo.

Uzito wa neno hili unaonekana vizuri katika mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka mbele tangu mwanzo na hakumwachia mtu nafasi hiyo. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka hatua za mwisho, asimfikie. Bayi alimaliza kwa dakika 3 sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ilikuwa 3:33.1, ya Jim Ryun tangu 1967. Walker naye alikuwa amekimbia kasi kuliko Ryun, lakini orodha ya dunia ina nafasi moja tu, na jina lililoingia ni la kijana wa Karatu. Muda ule ulibaki rekodi ya michezo hiyo kwa miaka 48, hadi Birmingham 2022.

Upo pia upande mchungu. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni, kilomita 42.195, kwa saa 1 dakika 59 sekunde 40. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kumaliza umbali huo chini ya saa mbili. Hata hivyo, haikuwa rekodi. Wakimbiaji wa kumwekea kasi walikuwa wakipokezana, maji aliletewa kwa baiskeli, na halikuwa shindano la wazi. Wengi walilalamika. Mimi naona shirikisho lilifanya haki: Kipchoge alitenda ajabu, na ajabu ile haipungui, ila rekodi ni ushahidi unaotolewa kwa masharti yaleyale kwa kila mtu.

Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya umbali huohuo kwa kuyatimiza masharti hayo, Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Uthibitisho rasmi ulitolewa tarehe 6 Februari 2024. Siku tano baadaye alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na umri wa miaka 24. Aliwahi kujua kwamba kazi yake imeandikwa.

Kwa hiyo, mwalimu wa michezo unayesoma haya, mtoto akikimbia vizuri wiki hii usiishie kumpigia makofi. Andika jina lake, umbali, muda na tarehe, kisha litunze daftari.