Je, Aliye wa Kwanza Aweza Kupitwa?

Wengi wenu mnaikumbuka simu ndogo ya Nokia yenye tochi. Ilitoka mwaka 2003, kwa jina Nokia 1100. Haikuogopa vumbi, nazo simu za aina hiyo zilizouzwa duniani zilizidi milioni 200. Nani wakati ule angalidhani kwamba kampuni hiyo itashindwa? Tutazame habari zake.

Nokia ilianza nchini Ufini mwaka 1865, lakini haikuanza na simu. Bwana Fredrik Idestam alijenga kinu cha kusaga miti ili kufanya karatasi. Mwaka 1967 kampuni hiyo iliungana na kiwanda cha vitu vya mpira na kiwanda cha nyaya za umeme. Kazi ya simu za mkononi ilikuja baadaye. Katika kazi hiyo mkubwa alikuwa Motorola wa Marekani, aliyetangulia kuuza simu ya mkononi. Ilipofika namna mpya ya kupeleka sauti hewani, ile ya dijitali, Motorola alikawia. Nokia ikaishika upesi, na mwaka 1998 ikampita.

Kumbe, Nokia yenyewe ilipata ukuu kwa kumpita mkubwa! Lakini ilisahau njia iliyopitia. Mwaka 2007 Apple ilitoa iPhone, simu ya kugusa kioo kwa kidole. Mwaka uliofuata zikaja simu za Android, programu ambayo Google iliwapa watengenezaji wengi bila malipo. Hao hawakutafuta kufanya vitufe vizuri kuliko vya Nokia. Walishika njia nyingine. Nokia ikazidi kushona viraka juu ya programu yake ya zamani, Symbian, kwa sababu ndiyo iliyoiletea mali. Mwaka 2012 Samsung ya Korea ya Kusini ikaipita, na mwaka 2014 kazi yake ya simu za mkononi ikawa mali ya Microsoft. Kampuni haikufa: hata leo yafanya mitambo ya minara ya simu.

Twajua kwamba Daudi alivua silaha za Sauli, akamwendea Goliati kwa kombeo.

Basi, jibu letu ni hili: mkubwa aweza kupitwa, hasa akikataa kuwa mwanafunzi tena. Nasi wazazi na walimu wa dini, tuliozoea kusema, «Ndivyo tulivyofanya siku zote», tujipime. Neno la Mungu halizeeki. Namna yetu ya kuwafundisha vijana yaweza kuzeeka.